Kompyuta ya Tawi: Tusione Haya Kununua Iliyotumika



Katika mikutano ya matawi tuliyoitembelea huku magharibi ya Uganda, jambo moja huzuka kila mara baada ya ajenda kwisha na watu kuanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Matawi yataka kompyuta. Makatibu wamechoka kuandika majina ya wanachama katika madaftari yaliwayo na mchwa, na waweka hazina wamechoka kujumlisha ada kwa kalamu ya risasi. Fedha ni chache, nazo zimechangwa kwa jasho. Ubishi ni huu: tununue mpya au iliyotumika? Wengi husema mpya. Husema ya kwamba chama cha wafanyakazi si soko la mitumba, na kwamba mwajiri atatucheka akituona na mashine kuukuu mezani.

Sisi tunaozunguka matawini kwa kazi ya chama twasema hivi: tawi lenye fedha chache linunue kompyuta ya kukunja iliyotumika, ile inayoitwa laptopu, lakini iwe ya daraja la ofisi, iwe imekaguliwa na kukarabatiwa, na ikanunuliwe na watu wasiopungua watatu. Hatusemi hivyo kwa sababu ya elimu. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Twasema kwa sababu tulinunua mpya, ikatuumiza.

Ilikuwa mwaka 2021. Tuliingia katika duka lenye vioo mjini Kampala, tukaonyeshwa mashine nyembamba ing'aayo kama sinia la harusi. Muuzaji akatuambia ni mpya, haijaguswa na mtu, na ina hati ya dhamana. Tulifurahi kuikata karatasi ya nailoni kwa mikono yetu wenyewe. Tusilolijua ni kwamba mashine mpya ya bei ya chini hufanywa iwe ya bei ya chini kila mahali: bawaba za plastiki, kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, GB 4 tu, na nafasi ya kuhifadhi GB 64 tu, tena vyote vimelehemiwa kwenye bodi visiweze kutolewa. Windows yenyewe ilikula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kila ilipotaka kuongeza marekebisho yake ilikosa pa kuyaweka, ikawa inazunguka tu asubuhi nzima wakati watu wanangoja barua zao.

Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili bawaba ilipasuka. Muda si mrefu mashine ikakataa kuwaka. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Wazee, hapa hakuna cha kuchomoa," alisema. Ingekuwa na diski ya kutoka, angeitoa akaisoma kwenye mashine nyingine. Humo ndani mlikuwa na hesabu ya majuma 11 ya kilo za majani ya chai, tuliyoiingiza mstari kwa mstari kutoka katika vikaratasi vya mzani, kwa kuwa wachumaji walilalamika ya kwamba mzani unawapunja.

Na vile vikaratasi? Tulikwisha kuvitupa. Tulisema vimeingia kwenye kompyuta, vya nini tena.

Siku ya kukaa na menejimenti wao walileta kurasa zilizopigwa chapa, zenye jina la kila mchumaji na kilo zake za kila siku. Sisi tulikuja na vikaratasi vichache vilivyosalia vya juma la mwisho. Tulikubali hesabu yao kwa kuwa hatukuwa na yetu. Jioni tuliporudi kwenye kambi, mama mmoja mchumaji, mtu mzima, alituambia: "Wanangu, mimi sikusoma, lakini kila karatasi yangu niliitunza kifuani mpaka nikaileta kwenu. Mliipeleka wapi?" Hatukuwa na jibu. Kosa la kutokuwa na nakala lilikuwa letu, na twalikiri hapa, lakini ile mashine mpya ilitusaidia sana kukosea.

Basi tuseme juu ya hizi zilizotumika. Makampuni makubwa, mabenki na maofisi ya serikali ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hununua laptopu kwa mamia, au hukodi, na baada ya miaka mitatu au minne huziondoa zote kwa mkupuo hata kama ni nzima. Huo ni utaratibu wao wa mahesabu. Wafanyabiashara huzikusanya, nyingine hupitia Dubai, nyingine huja moja kwa moja, ndizo zile ambazo mitaani huitwa "ex-UK" hata kama hazikuiona Uingereza. Mashine hizi zilipokuwa mpya ziliuzwa kwa bei kubwa kuliko ile ya kwetu yenye kung'aa, kwa sababu zilikusudiwa kufanya kazi mchana kutwa na kufunguliwa na fundi.

Twatoa mfano ambao kila mtu wa kiwandani anaujua. Tazameni mashine za kusaga majani katika viwanda vyetu vya chai. Nyingine ziliwekwa kabla baadhi yetu hawajazaliwa. Mafitta wetu hubadili beringi, hunoa rola, huchomelea palipopasuka, na chai hutoka, husafirishwa mpaka mnada wa Mombasa. Hakuna meneja anayeziita mitumba. Huziita mali ya kampuni. Kitu kilichoundwa kwa kazi huhesabiwa kwa kutengenezeka kwake, na wafanyakazi ndio wa kwanza kulijua hilo. Kwa nini tukifika kwenye kompyuta tushikwe na haya?

Kabla ya kufika sokoni yafaa tuseme neno juu ya zawadi. Tawi moja liliambiwa na mwajiri: msisumbuke kununua, chukueni hii ya kwetu ya zamani, bure. Baadhi ya wanakamati walipiga makofi. Sisi tuliwashauri waikatae, nao wakaikataa kwa barua ya adabu. Mashine ya ofisi ya mwajiri husimamiwa na mafundi wa mwajiri, na mwenye kuisimamia aweza kuweka humo programu ya kuisoma kutoka mbali bila wewe kujua. Humo mtaandika majina ya wanaotaka kujiunga, mtaandika ni nani aliyelalamika juu ya mnyapara, mtaandika mama fulani ana mimba na amenyimwa kazi nyepesi. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu binafsi, nasi tunaokusanya habari hizo twawajibika kuzilinda. Zaidi ya sheria, ni imani ya mtu aliyekupa siri yake. Mashine ya chama inunuliwe kwa ada ya wanachama na risiti iandikwe jina la tawi.

Sasa sokoni. Hapa ndipo watu huibiwa mchana kweupe, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Muuzaji atakwambia kwa sauti kubwa, "Hii ni Core i5!" Neno hilo peke yake halina maana. Intel imekuwa ikitumia jina la i5 tangu mwaka 2009, na i5 ya zamani hizo na ya juzi ni kama baiskeli na pikipiki. Soma nambari ifuatayo baada ya kistari. Ikiandikwa i5-7300U, ile 7 ni kizazi cha saba. Ikiandikwa i5-8350U, ni kizazi cha nane. Ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha kumi. Kwa nini twajali? Kwa sababu Windows 11 kwa kawaida hutaka kizazi cha nane au zaidi, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba ni rahisi sana sokoni sasa kwa sababu hiyo hiyo. Si kwamba haifai kabisa. Iwekwe Linux Mint, ambayo hailipiwi, itaandika barua na kujumlisha ada vizuri. Lakini bei iwe ya chini, na tawi lijue linanunua nini.

Mashine tulizozizoea ambazo mafundi wanazijua na vipuri vyake vinapatikana ni kama Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 na HP EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018. Zote zafunguka kwa bisibisi, na RAM na diski zake hubadilishwa. Hata hivyo jina la modeli lisikulaze usingizi, kwa maana hizo hizo nyingine zilitoka na kizazi cha saba. Washa, usome mwenyewe. RAM iwe GB 8 kwa uchache, na diski iwe ya aina ya SSD, GB 256 yatosha kabisa kwa tawi. Diski ya zamani yenye sahani izungukayo ndani ni ya kukataliwa, kwa kuwa hiyo ndiyo hufanya mashine nzima ionekane mgonjwa.

Betri ni suala kubwa kwetu ambao umeme huja na kwenda upendavyo. Usikubali kuambiwa "inakaa saa nne". Katika Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, nayo itakupa ukurasa wenye tarakimu mbili: ujazo ambao betri iliundwa nao, na ujazo inaoweza kubeba leo. Ikiwa leo inabeba chini ya nusu, hesabu bei ya betri nyingine kabla ya kukubaliana. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomoka, na ile ya nyuma waweza kuibadili bila kuzima mashine. Katika ofisi yenye sola ndogo ni faida. Kadhalika chaja zake za aina ya USB-C zapatikana kwa urahisi. Jaribu kila tundu kwa chaja iliyochomekwa, maana tundu lililolegea ni ugonjwa wa kawaida.

Halafu kuna kufuli, na hili wengi hawalijui. Mashine ya kampuni kubwa aghalabu huandikishwa kwenye mtandao wa kampuni ile. Isipoondolewa jina lake huko, siku utakapoisafisha na kuiwasha upya ikiwa kwenye intaneti, itakuuliza neno la siri la kampuni ya ng'ambo ambayo hata hujui iko wapi. Dawa ni moja: mwambie muuzaji aiweke Windows upya pale pale dukani, iunganishwe na intaneti, nanyi mkae mtazame mpaka mwisho. Akisema hana muda, nanyi semeni hamna fedha. Kadhalika ingieni kwenye mipangilio ya ndani kabisa mashine inapowaka, kwa kubonyeza F1 katika ThinkPad, F2 katika Dell, F10 katika HP. Ikidai neno la siri hapo, iacheni. Mkishaingia, tazameni nambari ya mashine, muilinganishe na ile iliyobandikwa tumboni, na nambari hiyo hiyo iandikwe kwenye risiti. Mashine ya wizi humpeleka katibu polisi, si muuzaji.

Maneno ya daraja A, B na C nayo yasiwatishe. Mara nyingi hueleza sura tu, yaani mikwaruzo ya kifuniko. Sisi tulichagua ya daraja B yenye kona iliyochubuka, kwa kuwa ndani ilikuwa na afya kuliko ya A iliyokuwa jirani yake. Kona haijumlishi ada.

Herufi pia zitazameni. Mashine kutoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Kwa Kiingereza huenda ni usumbufu mdogo, lakini kwa Kiswahili ni balaa. Karani mmoja wa tawi, aliyezoea kuandika bila kutazama vidole, alipeleka barua yenye "madai za wafanyakazi" na "fedha ya likizo", na afisa wa mwajiri akaisoma kwa sauti mbele ya watu akicheka. Za Ufaransa na Ubelgiji zimebadilisha A na Q, tena W na Z. Wenzetu wa Burundi na Kongo wamezoea hizo toka shule, kwao ndizo sahihi. Kwa Uganda ni shida. Wauzaji hubandika vibandiko vya herufi juu yake, navyo hubanduka kwa jasho la vidole. Bora kuilipia iliyo na herufi mlizozizoea.

Wako wenzetu wasemao ya kwamba simu ya mkononi yatosha. Kwa kuitana mkutanoni, yatosha. Lakini hebu mtu ajaribu kukagua hesabu ya wanachama 300 kwenye kioo cha upana wa kiganja, halafu aketi na mwajiri. Na wako wasemao kwa uchungu zaidi ya kwamba Ulaya inatutupia takataka. Hawa twawaheshimu, kwa maana wanasema kweli nusu. Ndiyo sababu nchi za Afrika ziliweka Mkataba wa Bamako mwaka 1991, na ndiyo sababu tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel umetaka taka zote za vifaa vya umeme zisivuke mpaka bila nchi izipokeayo kuarifiwa kwanza na kukubali. Mashine iliyokufa ikiletwa kwa jina la biashara ni taka, na anayeichoma waya kutafuta shaba ni kijana maskini anayevuta moshi wa sumu. Lakini mashine inayofanya kazi na kutengenezeka si taka. Ile mpya yetu ya 2021, isiyofunguka, ndiyo iliyogeuka taka ndani ya miaka miwili, na mpaka leo imo kabatini hatujui tuitupe wapi.

Kuhusu programu hatuna maneno mengi. LibreOffice ni bure, huandika barua na kufanya majedwali ya hesabu, na hufungua mafaili yatokayo kwa mwajiri. Msinunue programu za kuibia za flashi za mitaani, huja na wadudu.

Na kazi yenyewe ni ipi? Chukueni saa za ziada. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yasema saa za kawaida zisizidi 48 kwa juma, na saa ya ziada ya siku ya kawaida ilipwe si chini ya mara moja na nusu, na ya sikukuu iliyotangazwa ilipwe mara mbili. Tuseme mtu wa kiwandani hulipwa 1,000 kwa saa. Ya ziada ni 1,500, ya sikukuu ni 2,000. Hesabu ya mtu mmoja kwa siku moja hata mtoto ataifanya. Hesabu ya watu 140 wa zamu tatu kwa miezi sita ndiyo iliyokuwa ikitushinda kila mwaka, na mwajiri alijua inatushinda. Jedwali likishapangwa vizuri mara moja, kazi iliyobaki ni kuingiza saa kila jioni. Mashine hukokotoa. Ila saa hizo lazima zitoke kwa wafanyakazi wenyewe, zilizoandikwa na kutiwa sahihi na mwakilishi wa zamu, la sivyo mwajiri atauliza mmezitoa wapi, naye atakuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka 2023 tulirudi Kampala. Safari hii tulikwenda watatu: katibu, mweka hazina, na binti wa mwanachama mmoja anayejifunza ufundi wa kompyuta. Muuzaji alimpuuza binti yule mpaka alipoomba bisibisi. Tulishinda dukani kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, tukakataa mashine mbili, tukachukua ya tatu kwa kiasi cha robo tatu ya bei tuliyoilipia ile mpya. Tuliomba miezi mitatu ya dhamana, tukapewa mmoja, ukaandikwa kwenye risiti. Betri ya nyuma tumeibadili mara moja tangu hapo. Hakuna kingine kilichoharibika.

Vikaratasi vya mzani hatuvitupi tena, vimo katika makasha ya chai, vimefungwa mwezi kwa mwezi. Mashine hulala katika sanduku la chuma la mweka hazina. Nakala ziko kwenye flashi mbili, mafaili yamefungwa kwa neno la siri. Moja hukaa kwa katibu. Ya pili mkutano ulimkabidhi mama yule aliyetuuliza vikaratasi vyake tulivipeleka wapi. Kila Jumamosi jioni huja ofisini na flashi yake, huketi kwenye benchi mpaka nakala imalizike, huuliza, "Imeingia yote?", kisha huifunga kwenye ncha ya kitenge na kwenda nayo.